Askari wa farasi aliyerudi shambani: kuufuatilia ukoo wa mkulima wa Kentucky

Katika makaburi ya vijijini ya Kentucky ya kati, Marekani, kuna mawe meupe ya marumaru yanayofanana kama mapacha. Kila jiwe limechongwa umbo la ngao, na ndani ya ngao mna jina la mtu na mstari mmoja: CO. E, 5 U.S.C.C. Hakuna tarehe ya kuzaliwa wala ya kufa, wala neno la wanawe. Mawe hayo serikali iliyatoa bure, na kuanzia 1879 iliyatoa hata kwa askari waliozikwa nje ya makaburi ya jeshi.

Mstari huo mfupi ndio ufunguo. Unasema: Kombania E, Rejimenti ya 5 ya askari wa farasi Weusi wa Marekani. Aliyelala pale kwa kawaida alizaliwa mtumwa, akaandikwa jeshini akiwa kijana wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861 hadi 1865), akatumikia miaka miwili isiyotimia, kisha akashika jembe mpaka nguvu zikamwishia. Hakuacha shajara wala barua, maana wengi wao walinyimwa nafasi ya kujifunza kuandika. Hata hivyo, jalada lake katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa huko Washington linaweza kufika kurasa mia na ushee. Kila mara fedha zilipodaiwa kwa sababu yake, na bwana wake wa zamani, na yeye mwenyewe, au na mjane wake, karani alitaka kujua: huyu ni nani, alizaliwa wapi, alimuoa nani, nani anamfahamu. Kwa hiyo anayeutafuta ukoo wa mtu huyu asianze na masimulizi ya vita. Aanze na madai ya fedha.

Lakini rejimenti yenyewe lazima ijulikane, kwani tarehe zake ndizo zitakazopima kila karatasi utakayoishika.

Kentucky ilikuwa jimbo la watumwa lisilojitenga na serikali ya Rais Lincoln, na kwa hiyo tangazo lake la 1863 la kuwaacha huru watumwa halikuligusa. Mlango ulifunguliwa katikati ya 1864, mtumwa alipoanza kuandikwa jeshini bila ridhaa ya bwana wake, na kuandikwa kulimfanya huru papo hapo. Zaidi ya wanaume 10,000 walipitia Camp Nelson, kambi iliyoko katika Kaunti ya Jessamine, kusini mwa Lexington. (Lexington na Louisville za leo zina wasemaji wengi wa Kiswahili waliotoka Congo; atakayeshika barabara ya US 27 kutoka Lexington kuelekea kusini ataipita kambi hiyo, ambayo tangu 2018 ni eneo la kumbukumbu ya taifa.) Huko ndiko Rejimenti ya 5 ilikoundwa.

Kabla haijakamilika, wanaume wake walipelekwa Virginia kuushambulia mji wa chumvi wa Saltville, tarehe 2 Oktoba 1864. Walipewa farasi wasiofunzwa na bunduki ndefu za Enfield, silaha ya askari wa miguu, ambayo haishindiliwi risasi mtu akiwa juu ya tandiko. Njiani askari wazungu wa upande wao wenyewe waliwadhihaki na kuwapora farasi. Walishuka, wakapigana kwa miguu, na taarifa ya Kanali James Brisbin inasema kwamba kati ya 400 waliopigana, 114 waliuawa au kujeruhiwa. Majeruhi walioachwa uwanjani waliuawa na Wakonfederate, jeshi la majimbo yaliyojitenga, kesho yake. Champ Ferguson, mmoja wa wauaji hao, alinyongwa Nashville Oktoba 1865. Desemba 1864 rejimenti ilirudi na safari hii mitambo ya chumvi ikavunjwa. Tarehe 25 Januari 1865 watu wapatao 80 wa Kombania E walikuwa wakiswaga ng'ombe karibu 900 kwenda Louisville waliposhambuliwa karibu na Simpsonville. Takriban 22 waliuawa. Rejimenti ilimalizia utumishi wake Arkansas na kuvunjwa Machi 1866.

Tarehe hizo ni kipimo. Mtu aliyeandikwa Septemba 1864 bila silaha inayofaa, akaonekana "hayupo" kwenye orodha ya Oktoba, si lazima awe mtoro. Huenda aliachwa Saltville. Aliyedai pensheni kwa jeraha la Januari 1865 na alikuwa Kombania E, tafuta Simpsonville.

Sasa kazi yenyewe. Kosa la kwanza, na ndilo linalopoteza watu muda mwingi kuliko yote, ni kuchanganya rejimenti. Kuna 5 U.S. Cavalry, ya jeshi la kudumu. Kuna 5 Kentucky Cavalry, ya wazungu wa kujitolea. Kuna 5 Massachusetts Cavalry, ya watu Weusi, iliyoundwa karibu na Boston. Kuna 5 U.S.C.T., ya askari wa miguu. Kuna 5 U.S.C.H.A., ya mizinga mizito. Zote zina namba 5, na majina kama Henry Johnson au George Washington yamo karibu katika kila moja. Usiandike hata mstari mmoja wa ukoo kabla hujahakikisha herufi zote nne za U.S.C.C. na herufi ya kombania. Rejimenti ya farasi ilikuwa na kombania 12, A hadi M, na hakuna J, kwa kuwa kwa mwandiko wa mkono J na I hazitofautiani. Ukiona "Co. J" kwenye orodha ya siku hizi, aliyenakili amekosea: nenda katazame I.

Jina nalo lina mitego yake. Karani wa Camp Nelson mara nyingi alimwandika mtu kwa jina la ukoo la bwana wake. Baada ya vita wengi walilitupa jina hilo wakachukua la baba, kwa kuwa baba alikuwa mali ya shamba jingine. Ndiyo maana kadi za faharasa ya pensheni zina neno "alias" (jina jingine la mtu yule yule), na mtu mmoja anaweza kuwa na kadi mbili. Kama familia yako inamjua kwa jina moja tu na halipo, usikate tamaa na kusema hakutumikia. Tumia faharasa ya pili, ile iliyopangwa kwa rejimenti na kombania badala ya majina. Soma kadi zote za kombania yake, moja baada ya nyingine. Ni kazi ya jioni mbili tatu, na kadi ya "alias" itajitokeza.

Jalada la utumishi jeshini ndilo la kwanza kufunguliwa, na kwa rejimenti za Weusi limekwisha kupigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Ni bahasha ya kadi ndogo. Makarani wa Wizara ya Vita walizinakili miongo kadhaa baada ya vita kutoka kwenye orodha za mahudhurio zilizokuwa zikifanywa kila miezi miwili, kazi iliyofanywa hasa ili madai ya pensheni yajibiwe upesi. Kadi ya kuandikishwa inataja umri, kimo, rangi ya macho, nywele na ngozi, kazi na mahali alipozaliwa. Kazi itakuwa "farmer" au "laborer" kwa karibu wote, basi usiipe uzito. Mahali pa kuzaliwa, ambapo kwa kawaida huandikwa kaunti, ndipo penye thamani. Ona pia kama alifanywa fundi wa kwato, mhunzi au mtengeneza matandiko, kwa kuwa kila kombania ya farasi ilikuwa na mafundi hao. Kijana aliyekulia kwenye mazizi ya farasi wa Kentucky aliingia jeshini akiwa na ujuzi ambao maofisa wengi hawakuwa nao, na ujuzi huo mara nyingine unamrudia kwenye sensa ya 1870 kama mhunzi wa kijiji.

Kadi za baadaye zina makato ya mshahara: kamba ya bunduki iliyopotea, kikuku, hatamu. Usizipuuze kama takataka. Askari aliyekatwa bei ya tandiko zima mwezi fulani huenda farasi wake alianguka au aliuawa mwezi huo, na miaka 25 baadaye atadai pensheni ya kiuno kilichoumia "farasi aliponiangukia". Kadi na dai vikikubaliana, una tukio lenye tarehe.

Nyuma ya kadi, kwa askari wa Kentucky, kuna kitu ambacho wanaotafuta askari wa majimbo mengine hukikosa. Serikali iliahidi hadi dola 300 kwa bwana mtiifu kwa serikali ambaye mtumwa wake ameingia jeshini. Kulipwa kulihitaji ushahidi kwamba mtu huyo alikuwa wake kweli: hati ya kumwacha huru, kiapo cha utii, na maelezo ya jinsi alivyompata, kwa kununua au kwa kurithi, kutoka kwa nani, lini. Wengi hawakulipwa kamwe. Lakini karatasi zilibaki ndani ya bahasha ya askari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawa walikuwa wamewageuza watu kuwa mali, kwa hiyo daftari likawepo. Ukikuta hati hiyo umepata jina la bwana, kaunti, na pengine jina la bwana wa kabla yake, ambaye ndiye aliyekuwa na mama wa askari. Si kila jalada linayo. Likikosa, njia ya pensheni bado ipo.

Majalada ya pensheni mengi hayajapigwa picha. Huagizwa Hifadhi ya Nyaraka kwa namba iliyo kwenye kadi ya faharasa. Hapa ushauri ni mmoja: agiza jalada zima. Kuna pakiti fupi ya nyaraka teule, na ni ya bei nafuu, lakini mteuzi huchukua fomu rasmi na kuacha barua na viapo vya majirani, yaani nyama unaiacha na mfupa unauchukua. Kadi ina safu ya askari, ya mjane na ya watoto. Kila safu ina namba ya ombi na namba ya cheti. Kuwepo kwa namba ya ombi bila ya cheti maana yake dai halikukubaliwa. Hilo lisikuvunje moyo hata kidogo. Dai lililokataliwa mara nyingi huwa nene kuliko lililokubaliwa, kwa kuwa mdai alirudi na mashahidi wapya mara tatu, mara nne.

Ili kusoma jalada ni lazima ujue dai limeletwa kwa sheria ipi. Kwa sheria ya Julai 1862, ulemavu ulipaswa kutokana na utumishi, na mdai alihitaji ofisa au askari wenzake wawili kuthibitisha. Kwa mtu aliyeuguzwa na wenzake kambini bila daktari kuandika neno, hilo lilikuwa gumu. Kwa sheria ya 27 Juni 1890 ilitosha kuwa alitumikia siku 90, akaachiwa kwa heshima, na sasa hawezi kazi ya mikono, hata kama ugonjwa ulimpata shambani. Malipo yalikuwa kati ya dola 6 na 12 kwa mwezi. Hii ndiyo sheria iliyowaingiza wakulima kwa maelfu. Sheria ya Februari 1907 ikahesabu umri wenyewe: dola 12 kuanzia miaka 62, dola 15 kuanzia 70, dola 20 kuanzia 75.

Sheria hiyo ya 1907 ni zawadi kwa mtafuta ukoo kwa sababu iliwasumbua sana wadai. Mtu aliyezaliwa utumwani athibitisheje kuwa ana miaka 70? Hapo ndipo viapo vya ajabu vinapoingia: binti wa bwana wa zamani, sasa kikongwe, anaapa kwamba jina la askari liliandikwa ndani ya Biblia ya baba yake, dada wa askari anaapa kwamba alizaliwa kiangazi kile kile na mtoto fulani wa nyumba kubwa. Usiuchukue umri wenyewe kama ukweli wa mwisho, kwani mwenye kudai alikuwa na sababu ya kujiongezea. Chukua majina ya waliokuja kuapa.

Maradhi ya askari wa farasi yana utaratibu wake: ngiri, bawasiri, baridi yabisi, kuhara kusikokoma, mgongo. Mbili za kwanza ni za tandiko. Daktari wa pensheni alipima kwa sehemu za 18, kwa hiyo "4/18" haina maana ya sehemu ya mwili. Maana yake ni dola 4 kati ya 18, kiwango cha mtu ambaye ulemavu wake ni sawa na kupoteza mkono au mguu. Cheti cha daktari pia kina kimo, uzito na mapigo ya moyo, kila mara alipopimwa. Ukivipanga kwa miaka, unamwona mzee akipungua.

Karatasi mbili ndani ya jalada zitafute kabla ya nyingine zote. Ni fomu za maswali ambazo ofisi ya pensheni iliwatumia askari 1898 na 1915. Zinauliza jina la mke na jina lake la usichana, lini na wapi walioana na nani aliwafungisha ndoa, kama kulikuwa na ndoa nyingine kabla, na majina ya watoto pamoja na tarehe za kuzaliwa: ya 1898 iliuliza walio hai tu, ya 1915 walio hai na waliokufa. Ukoo mzima katika ukurasa mmoja, kwa kauli ya mwenyewe. Linganisha fomu hizo mbili: mtoto aliyepo 1915 na hayupo 1898, ingawa alizaliwa kabla yake, kwa kawaida alikuwa amekwisha kufa 1898. Kwa aliyekufa baadaye tafuta cheti cha kifo, kwa kuwa Kentucky ilianza kuvitunza kwa mpango wa jimbo zima mwaka 1911.

Mjane naye alikuwa na mtihani wake. Ndoa ya watumwa haikuwa na cheti. Kentucky ilipitisha sheria Februari 1866 iliyowaruhusu waliokuwa wakiishi kama mume na mke kwenda kwa karani wa kaunti, kutangaza ndoa yao na kulipa ada ndogo. Vitabu vya matangazo hayo vipo katika kaunti kadhaa. Angalia vya kaunti yako kwanza. Ambaye hakwenda, mjane wake alileta watu waliowajua kabla ya vita. Ofisi ikitilia shaka, ilimtuma mpelelezi maalumu, na huyo ndiye rafiki mkubwa wa mtafuta ukoo, ijapokuwa kwa mjane hakuwa rafiki. Alikwenda nyumba hadi nyumba, akawaapisha majirani, shemeji, mkunga, bwana wa zamani, akiandika maelezo ya kila mmoja na kuyapa herufi: A, B, C. Humo utakuta nani aliuzwa kusini, nani alimwacha mke wa kwanza shamba la pili, mtoto gani si wake. Soma kwa tahadhari: mpelelezi alikuwa akitafuta udanganyifu, mashahidi walijua riziki ya mtu iko hatarini, na maneno ya jirani Mweusi yaliandikwa na karani mzungu kama alivyoyasikia.

Mbinu moja wasiyoijua wengi: agiza pia majalada ya wenzake wanne au watano wa kombania. Mtu wako aliapa kwa ajili yao. Mzee asiyesema neno kuhusu mwenyewe atasema kwenye jalada la mwenzake, "Nimemjua tangu utoto, tulikuwa watumwa wa jirani, mama yake na mama yangu walitoka Virginia pamoja."

Tuje shambani. Sensa ya watu itakupa kaya: 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja kwa majina waliokuwa watumwa, 1880 inaeleza uhusiano na mwenye nyumba, 1900 ina mwezi na mwaka wa kuzaliwa na idadi ya watoto ambao mama amezaa na walio hai. Sensa ya 1890 iliharibiwa na moto wa Januari 1921 huko Washington, na mabaki yake karibu yote yakateketezwa baadaye. Ila orodha maalumu ya askari wa zamani na wajane ya 1890 ilinusurika kwa karibu nusu ya Kentucky na majimbo yanayoifuata kialfabeti. Ina kombania, tarehe za kuandikwa na kuachiwa, posta na ulemavu. Sensa ya 1910 ina safu ya "UA" kwa aliyetumikia jeshi la Muungano, yaani la serikali ya Lincoln; makarani wengi waliiacha tupu, basi utupu wake hauthibitishi kitu.

Kilimo chenyewe kimo kwenye jedwali la kilimo la sensa, ambalo watu wengi hawalifungui. Lile la 1880 ndilo bora. Linasema kama mkulima anamiliki ardhi, anaikodi kwa fedha, au analima kwa kugawana mazao. Ekari zilizolimwa na za msitu. Farasi, nyumbu (wale wa kukokota plau, si wa Serengeti), ng'ombe wa maziwa, nguruwe. Busheli za mahindi na ngano, ratili za tumbaku na siagi. Mifugo ni ya tarehe 1 Juni 1880, lakini mazao ni ya msimu wa 1879. Asiyejua hilo huandika kwamba mwaka 1880 babu alivuna, kumbe alivuna mwaka uliotangulia. Busheli moja ya mahindi yaliyopukuchuliwa ni ratili 56, kama kilo 25.4, mwenye busheli 300 alikuwa na takriban magunia 85 ya kilo 90. Ukikuta nyumbu wawili na mahindi kiasi hicho, una mtu mwenye jozi yake ya plau. Ukikuta mahindi hayo hayo bila mnyama wa kukokota, mnyama alikuwa wa mwenye ardhi, na sehemu kubwa ya magunia ilikwenda kwake. Aliyelima chini ya ekari 3 na kuuza chini ya dola 500 hakuandikwa kabisa, hivyo kukosekana kwake jedwalini si ushahidi kwamba hakulima.

Mapengo ya miaka kumi kumi kati ya sensa yajaze kwa vitabu vya kodi vya kaunti, vilivyofanywa kila mwaka. Mara nyingi watu Weusi waliwekwa mwishoni mwa kitabu, baada ya herufi Z ya wazungu, na anayefungua herufi moja tu hupita bila kuwaona. Mwaka anaotokea na farasi mmoja wa thamani ya dola 40, mwaka anaoongeza ekari 5: hapo nenda ofisi ya karani utafute hati ya kununua ardhi. Mashamba ya Kentucky hayakupimwa kwa miraba, hati huanzia kwenye jiwe au mwaloni, huhesabu "poles" (kila moja futi 16.5), na kutaja jirani kila upande. Jirani hao mara nyingi ni askari wenzake au wakwe. Tazama pia rehani za mifugo, kwani humo mnyama anaelezwa kwa rangi na umri.

Kansas ni habari nyingine. Mwaka 1877 watu wapatao 300 waliondoka eneo la Georgetown na Lexington wakaenda Nicodemus, wakaishi kwenye mashimo yaliyochimbwa ardhini kwenye mbuga isiyo na miti. Sheria ya ardhi ya 1862 ilimpa mlowezi ekari 160 (hekta 65) kwa ada zisizozidi dola 18 na ukaaji wa miaka mitano. Sheria nyingine ya ardhi, ya 1872, ikamruhusu askari aliyetumikia siku 90 kupunguza muda wa jeshini katika miaka hiyo mitano, ili mradi akae angalau mwaka mmoja. Mpanda farasi aliyetumikia miezi 18 angepata hati miezi 18 mapema, na nakala ya karatasi yake ya kuachiwa jeshini hukaa ndani ya jalada la ardhi. Ushuhuda wa mwisho wa mlowezi na mashahidi wake wawili hutaja nyumba na ukubwa wake, kisima na kina chake, ekari zilizofunguliwa kwa jembe, mazao ya kila mwaka, na idadi ya familia. Ili kuliagiza unahitaji anwani ya kiwanja: robo, sehemu, mji ("township", mraba wa upimaji, si mji wa watu) na safu. Mji una maili 6 kwa 6, sehemu 36. Sehemu ni ekari 640, robo ni 160. Kosa la kawaida ni kusahau kuandika meridiani, yaani mstari wa kaskazini-kusini ambao upimaji ulianzia. Kwa Kansas na Nebraska ni ya sita.

Kuvuka ukuta wa 1870 kwenda nyuma kunataka jina la bwana, na sasa unalo, kutoka kwenye hati ya fidia au kwenye viapo. Orodha ya watumwa ya 1860 haina majina, ina umri, jinsia na rangi tu chini ya jina la mwenyewe. Askari aliyekuwa na miaka 22 mwaka 1864 mtafute kama mwanamume wa 18, na ruhusu tofauti ya miaka mitatu minne. Kisha wosia na hesabu za mirathi: bwana alipokufa, watu waliorodheshwa kwa majina na bei, mara nyingi mama na wachanga wake kwa pamoja. Kentucky pia ilisajili vizazi na vifo kati ya 1852 na mwanzo wa vita, watumwa wakiwemo chini ya jina la bwana. Askari alikwishazaliwa, lakini wadogo zake wamo. Daftari za Benki ya Akiba ya Watu Huru, matawi ya Lexington na Louisville, huuliza majina ya baba, mama na ndugu pamoja na rejimenti. Benki ilianguka 1874 na akiba za watu.

Kama ukoo unaonekana kukatika ghafla Novemba 1864, kumbuka kwamba mwezi huo wake na watoto wa askari wapatao 400 walifukuzwa Camp Nelson kwenye baridi kali na vibanda vyao kubomolewa, 102 walikufa. Joseph Miller wa Rejimenti ya 124 ya askari wa miguu aliapa tarehe 26 Novemba kwamba mwanawe mgonjwa alikufa baada ya kutolewa, na yeye mwenyewe akatembea hadi Nicholasville na kumchimbia kaburi. Kelele zilizofuata zilichangia sheria ya Machi 1865 iliyowaacha huru wake na watoto wa askari. Mtoto ambaye fomu ya 1898 haimtaji, kwa kuwa iliuliza walio hai tu, anaweza kuwa mmoja wa hao.

Mwisho wa jalada, angalia kama kuna ombi la kurudishiwa gharama za ugonjwa wa mwisho na mazishi, ambalo hujazwa na mtoto au jirani aliyemuuguza. Linataja daktari, dawa, jeneza na aliyelichonga, kila kitu na bei yake. Kisha linauliza marehemu ameacha mali gani na ina thamani gani, na mara nyingi mstari huo hujazwa kwa mwandiko wa haraka: ekari kadhaa, ng'ombe mmoja, farasi mzee.